Herufi kubwa zimezagaa na mikato haikai: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Jioni huwa nafundisha tuisheni barazani, watoto wa darasa la nne mpaka la saba, na kuna watu wazima wawili watatu wanajiunga maana kazini wanatakiwa kuandika ripoti na bosi kashawachoka. Sasa kitu nilichogundua ni hiki, ukimuuliza yeyote kati yao nomino ya pekee ni nini anakujibu bila kupepesa macho, ni jina maalumu la mtu, mahali au kitu na huanza kwa herufi kubwa, safi kabisa. Afu mpe aandike nusu ukurasa uone. Kanuni anayo kichwani ila mkononi haifiki. Kwa hiyo hapa sirudii kanuni, naanza na kosa lenyewe jinsi linavyoonekana kwenye daftari au kwenye simu, afu tunarudi nyuma kutafuta limetokea wapi, kama fundi pikipiki anavyosikiliza muungurumo kwanza kabla hajashika spana.

Kile kialama cha (,) nitakiita mkato, ndugu zetu wa Kenya wanakiita koma, ni kitu kilekile.

KILA NENO "ZITO" LINA HERUFI KUBWA

Unakuta sentensi hivi: "Baba yangu ni Mkulima na mama yangu ni Mwalimu, tunaishi kwenye Nyumba nzuri na tuna Ng'ombe watatu." Hii ndio dalili namba moja na usidhani ni ya watoto, watu wazima ndio wanaongoza, barua za kuomba kazi ndio usiseme: "Naomba Kazi ya Udereva katika Kampuni yako."

Chanzo chake ni heshima. Mwandishi anaona neno ni muhimu kwake, kazi anaihitaji, ng'ombe ndio mali yenyewe, basi analivalisha kofia. Chanzo kingine ni mabango na matangazo, huko kila neno linasimama wima mpaka jicho linazoea. (Wenye utaratibu wa kuandika kila nomino kwa herufi kubwa ni Wajerumani, na kweli walishatutawala huku Tanganyika, hata neno shule tumelitoa kwao, ila hilo la herufi hatukulichukua.)

Umuhimu hauhusiani kabisa na herufi kubwa. Maji ni muhimu kuliko Morogoro lakini maji ni ndogo na Morogoro ni kubwa. Cha kujiuliza ni kimoja tu: hili neno linataja aina, au linamwita mmoja kwa jina lake? Mkulima ni aina, wako wengi na yeyote anayelima anaingia. Mji ni aina, Morogoro ni mmoja kaitwa.

Ukibaki na wasiwasi jaribu kuweka "kila" mbele yake. Kila mkulima, kila mji, kila ng'ombe, vyote vinakaa, basi ni nomino za kawaida. Kila Morogoro haikai, kila Tanzania haikai. Kila Juma nayo haikai, labda kama unamaanisha wiki, na hapo ni juma la herufi ndogo, tutafika huko. Nikuonye mapema, jaribio hili linakwama sehemu moja, siku na miezi, maana kila Jumatatu na kila Januari tunasema kila siku na bado ni herufi kubwa. Hizo zimeze tu kama zilivyo, siku saba na miezi kumi na mbili sio mzigo.

NENO LILELILE, LEO KUBWA KESHO DOGO

Hapa ndipo utamu ulipo na ndipo wengi wanapopotea, maana sisi majina yetu tumeyatoa kwenye maneno ya kawaida. Neema, Baraka, Furaha, Tumaini, Amani, Rehema, Subira, Shida, yote haya ni maneno ya kawaida kwanza, mengi yao ni nomino dhahania, yaani majina ya vitu visivyoshikika, afu ndio yakawa watu. Sasa mtoto ameambiwa "neema ni nomino dhahania" wiki iliyopita, wiki hii anaandika "neema amefika shuleni mapema" na ukimsahihisha anabisha, mwalimu si ulisema dhahania?

Tiba yake ipo kwenye kitenzi. Usiliangalie neno, sikiliza linachofanya linalofuata. "Neema imetufikia" ni ile ya Mungu, "Neema ametufikia" ni binti wa jirani. "Shida imeisha", "Shida ameolewa". "Baraka zimechelewa", "Baraka amechelewa". Neno likishakuwa jina la mtu linahama ngeli yake linaingia ngeli ya watu, A-WA, na wewe hilo unalijua tangu unanyonya, hakuna Mswahili anayesema "Furaha imelia sana jana" wakati anamzungumzia mtoto wa dada yake. Mdomo wako unajua tayari, ni mkono tu umeachwa nyuma. Kwa hiyo ukiona kitenzi kimeanza na a- kwa neno ambalo kwa kawaida halichukui a-, piga herufi kubwa bila kuuliza.

Sasa mfano unaogeuka kinyumenyume ni simba. Mnyama ndiye mwenye a-: "simba amefungwa", maana yake kafungiwa kwenye banda au kafungwa kamba. Klabu ya Kariakoo ikishapoteza mechi tunasema "Simba imefungwa" au "Simba wamefungwa", hapo ni jina la timu, herufi kubwa, na mwenye kilio anajulikana. Timu iko toka 1936, mnyama yuko toka enzi na enzi, na hawajawahi kuchanganyana kwenye maongezi hata siku moja, ni kwenye daftari tu ndio unakuta "jana Simba alikula mbuzi wa babu".

Juma na juma ni vilevile. "Juma atakuja juma lijalo", mtu kwanza wiki baadaye, angalia atakuja na lijalo zilivyoshika kila mmoja wake. Jumanne ni kesi nyingine maana Jumanne mtu na Jumanne siku wote wawili ni herufi kubwa, kwa hiyo "Jumanne atakuja Jumanne" iko sawa kabisa usiiguse.

Afu kuna vyeo. Mwalimu, rais, mzee, daktari, ni aina za watu, herufi ndogo: "mwalimu wetu ni mkali". Kikisimama mbele ya jina kinakuwa sehemu ya jina: Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta, Rais Mandela. Na kuna cheo kimoja huku kwetu kimemmeza mwenyewe mpaka jina halihitajiki, ukiandika "Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999" Mtanzania yeyote anajua ni nani, humo neno la kawaida limegeuka kuwa la pekee kwa mtu mmoja. Andika "mwalimu alifariki" kwa herufi ndogo na msomaji anauliza, mwalimu wa wapi?

MTO, MLIMA, ZIWA NA JAMAA ZAO

Nilimwambia kijana mmoja wa darasa la tano kwamba Mto Rufiji, Mto Tana, Mto Pangani, vyote anza na M kubwa maana neno mto ni sehemu ya jina. Kashika vizuri. Kesho yake kaniletea insha, "nilichoka sana nikalalia Mto wangu nikasinzia." Nilicheka mpaka nikamwaga chai, lakini ukiangalia kosa lilikuwa langu, nilimpa neno badala ya sababu.

Sababu ni kwamba neno mto linapata kofia likiwa limefuatana na jina tu. Mto Rufiji umejaa. Mto huo umejaa. Mito ya Tanzania ni mingi. Umeona, ya kwanza tu ndio kubwa. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, lakini "tulipanda mlima" ni ndogo hata kama mlima wenyewe ni huohuo Kilimanjaro. Kuna wanaoandika "mto Rufiji" kwa m ndogo na sitagombana nao sana, vitabu vingi vinaweka kubwa, ila chagua moja usiende ukurasa wa kwanza kubwa wa pili ndogo, hiyo ndio inachosha.

Kingine, kitenzi kinalifuata lile neno la mbele: Ziwa Victoria limechafuka, Mlima Kenya unaonekana, Bahari ya Hindi imetulia. Mtu akiandika "Ziwa Victoria imechafuka" ujue kichwani mwake ziwa limeshasahaulika kabaki na Victoria.

Pande za dunia nazo zinaleta shida kubwa kuliko watu wanavyofikiri, manake hapa herufi moja inakuhamisha nchi. Sudan Kusini ni nchi, ilipata uhuru 2011. Lakini "kusini mwa Sudan" ni upande wa kusini wa nchi nyingine kabisa. Pwani ukiiandika kwa P kubwa ni mkoa, makao makuu yake Kibaha, na "nakaa pwani" kwa p ndogo inaweza kuwa Tanga, Lindi, Malindi, popote penye bahari. Afrika Mashariki ni jina, "mashariki mwa mji" sio jina. Dawa ni ileile, unaita au unaelekeza? Kuelekeza ni ndogo.

TUVINENO TWA KATIKATI TUMEVAA KOFIA

Mto Wa Mbu, Umoja Wa Mataifa, Jumuiya Ya Afrika Mashariki, Bahari Ya Hindi. Hapana. Wa, ya, la, cha, na, hivi vinabaki vidogo katikati ya jina: Mto wa Mbu, ule mji unaoupita ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro. Hata Dar es Salaam, "es" ni ndogo. Chanzo mara nyingi ni kompyuta, mtu kabonyeza kile kitufe cha kukuza kila neno kwenye kichwa cha habari afu kakopi kichwa kakibandika ndani ya aya.

Ila kivumishi au namba ikiwa ndani ya jina lenyewe inakuzwa: Mnazi Mmoja, Mwembe Tayari. Ukiandika "mnazi mmoja" kwa herufi ndogo unamaanisha mti, na unaulizwa na nazi zake ziko wapi.

KILA KI- IMEKUWA LUGHA

Kiswahili, Kiingereza, Kichaga, Kifaransa, kubwa zote. Mtoto anaona ki- anaanza kukuza kila ki- inayopita: "kuku wa Kienyeji", "anaongea Kitoto", "amevaa Kienyeji". Chanzo, kashika umbo hajashika maana. Ivue ki- uangalie kilichobaki ni kabila au nchi au watu wenye jina? Kichina, kuna China, basi "simu ya Kichina" ni kubwa. Kitoto, kuna toto tu, ndogo. Mkenya, Mtanzania, Mmakonde, Mwislamu, Mkristo zote kubwa kwa sababu hiyohiyo, na usije ukaacha M ndogo ukakuza katikati ukaandika mKenya, nimeona.

Ya ajabu ni Mswahili mwenyewe. Waswahili watu, kubwa. Lakini "nakaa uswahilini" tukimaanisha mtaa uliobanana, watu wengi wanaandika ndogo na mimi naona ndio sahihi maana pale hakuna anayetaja watu wa kabila fulani, ni aina ya mtaa.

JINA LA KAMPUNI LIMEKUWA KITU

"Nimepanda Bajaj" au "nimepanda bajaji"? Bajaj ni jina la kampuni ya India, hilo ni la pekee. Bajaji ni chombo cha magurudumu matatu, kina wingi, kinahesabika, bajaji tatu zimegongana, bajaji yako ya rangi gani, na hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine tofauti bado ni bajaji. Hapo jina limeshashuka daraja limekuwa nomino ya kawaida, herufi ndogo, tahajia ya kwetu. Kolgeti vilevile huku mitaani ni dawa yoyote ya meno. UKIMWI ilianza kama kifupisho cha upungufu wa kinga mwilini na sasa utaikuta Ukimwi, utaikuta hata ukimwi, neno lishakuwa la mtaani. Dalili ya neno kushuka ni hiyo, watu wakianza kulihesabu na kuliwekea "yangu" na "zile mbili".

HAMNA HERUFI KUBWA HATA MOJA

Hii ni ya meseji. "nmeongea na juma amesema neema haji leo". Kwenye meseji sina neno na mtu, tunaelewana. Hata wazee wetu wa Lamu na Pate waliandika tenzi ndefu kwa hati ya Kiarabu, hati ambayo haina mambo ya herufi kubwa na ndogo, na zikasomeka. Tatizo ni pale mkono uliozoea meseji unapoingia kwenye mtihani. Tiba niliyoiona inafanya kazi ni kurudi juu baada ya kumaliza na kusoma insha nzima mara moja ukitafuta majina tu, usisome habari, tafuta majina, dakika mbili.

SIMU NDIO INAKOSEA

Saa nyingine sio wewe. Kibodi ikiwa kwenye Kiingereza inakuza herufi kila baada ya nukta, hata nukta ya kifupisho: "Bw. na Bi." inakuwa "Bw. Na Bi.", na ukiandika "n.k." neno linalofuata linakuja na kofia. Ingia kwenye mpangilio wa lugha uongeze Kiswahili, kibodi ya Google inacho, na kama bado inakukera zima ile ya kukuza herufi yenyewe.

SASA MKATO KWENYE SIFA

Haya. Mtu ana sifa tatu nne anataka kuzipanga nyuma ya nomino na hajui mkato unakaa wapi. Dalili zipo za aina mbili, kuna anayemwaga mikato kama chumvi na kuna asiyeweka hata mmoja.

Anayemwaga anaandika hivi: "Nina watoto, wangu, wawili, wapole." Chanzo kashikishwa kwamba mkato ni pa kuvuta pumzi, na yeye pumzi ni fupi. Mkato sio pumzi. Hapo kila neno linafanya kazi tofauti, wangu linasema wa nani, wawili linasema wangapi, wapole linasema wakoje. Maneno yenye kazi tofauti hayagombanii nafasi, yanashikana mkia kama mabehewa: "wale watoto wangu wawili wapole". Hamna mkato hata mmoja na hausikii kasoro.

Mkato unaingia pale sifa zinapokuwa za kazi moja, zote zinajibu "wakoje": "watoto wapole, wasikivu na wachapakazi". Jaribio lake ni neno "na". Chomeka "na" katikati ya maneno mawili. Wapole na wasikivu, imekaa, basi ungeweza kuweka mkato. Wangu na wawili, haikai, basi usiweke. Jaribio la pili ni kubadilisha nafasi, wasikivu, wapole na wachapakazi, bado ni walewale, maana haijatikisika. Ukizungusha na maana ikahama au ulimi ukakwama, toa mkato.

Chukua "gari dogo jekundu". Gari dogo na jekundu? Mmh, inasikika kama unamwelezea polisi. Dogo na jekundu hazipo daraja moja, ni kama kwanza tumeshasema gari dogo afu kati ya madogo ni lile jekundu. Acha bila mkato.

Kitu kikiwa na sifa mbili tu, ushauri wangu weka "na" uishi kwa amani: mrefu na mpole. Au "tena": mpole tena mkarimu. Zikifika tatu weka mkato kati ya ya kwanza na ya pili, na ya mwisho ipe "na". Mkato kabla ya hiyo "na" hauhitajiki, "mpole, msikivu, na mkarimu" ni tabia ya wengine tumeikopa.

VIAZI, NYANYA NA CHUNGU

Hii naipa kichwa chake maana imenitokea. Nilimtuma mpwa wangu sokoni kwa meseji: "nunua nyanya chungu na mafuta nusu lita". Nilikuwa nataka nyanya, na chungu, chungu kile cha udongo cha kuchemshia maharage maana cha zamani kilipasuka. Kijana karudi na fungu la nyanya chungu, zile ngogwe, na mafuta yake nusu lita, na chenji kamili. Nitamgombeza vipi? Kasoma nilichoandika. Mkato mmoja, "nyanya, chungu na mafuta", ningekula maharage siku hiyo.

Ukilitazama hilo kosa utaona lina mambo yote mawili ya leo. Chungu kwenye "nyanya chungu" ni sehemu ya jina la kitu, imeshagandana na nyanya. Chungu baada ya mkato ni nomino yake yenyewe inayojitegemea, ngeli ya KI-VI, ndio maana ningeandika "nyanya chungu kikubwa" labda kijana angeshtuka, kikubwa hakiendani na nyanya.

Viazi vitamu ni ndugu wa hapohapo. Viazi vitamu ni aina ya viazi, viwe vitamu visiwe vitamu. Kwa hiyo "viazi vitamu vikubwa" ni viazi vitamu ambavyo ni vikubwa, hamna mkato. "Viazi vikubwa, vitamu" ni viazi vyovyote, hata mbatata, vikubwa na vyenye ladha. Umebadilisha nafasi na mzigo umebadilika sokoni. Kila ukikuta sifa iliyogandana na nomino, nyama choma, kitunguu saumu, pilipili manga, hiyo ihesabu kama neno moja, usiipenyezee mkato na usiitenganishe kwa sifa nyingine.

Sifa inayorudiwa nayo iache: vitu vidogo vidogo, watu wakubwa wakubwa. Hapo hujataja sifa mbili, ni moja imepigiwa debe.

MKATO KATIKATI YA MTU NA KAZI YAKE

"Wanafunzi wote wa darasa la saba wa shule yetu, wamefaulu." Hii iko kila mahali mpaka kwenye barua za ofisi. Chanzo, nomino imebeba maelezo marefu mpaka mwandishi anahisi apumzike kabla ya kitenzi. Usipumzike. Wanafunzi ndio waliofaulu, ukiweka mkato umewatenganisha na kufaulu kwao. Kama inachosha kuisoma punguza maelezo: "Darasa la saba wote wamefaulu."

KWENYE KIINGEREZA IMEKUWA VURUGU

Watoto wanaofanya masomo yote mawili wanachanganya kwa sababu Kiingereza sifa zinatangulia nomino. Jaribio la "na" linafanya kazi kule pia, tumia "and". Kwenye a tired, hungry boy unaweza kusema tired and hungry, unaweza kugeuza hungry, tired, basi mkato upo. Kwenye two big red buses huwezi kusema two and big, na red big ulimi unakataa, basi mkato haupo. Kosa letu kubwa ni la mwisho, tunaandika a tired, hungry, boy, mkato unakaa kabla ya mtu mwenyewe. Sifa ya mwisho inashikana na nomino yake, hamna kitu kinachopita hapo katikati.

MAMA REHEMA AU MAMA, REHEMA?

"Mama Rehema amekuja." Aliyekuja ni mwanamke mwenye mtoto anayeitwa Rehema, Mama ni sehemu ya jina lake pale mtaani, herufi kubwa, hakuna mkato. "Mama, Rehema amekuja." Hapa namwambia mama yangu, na aliyekuja ni Rehema mwenyewe. "Mwalimu Juma anaumwa", "Mwalimu, Juma anaumwa", nani aende hospitali? Ukimwita mtu, mpe mkato wake baada ya kumwita, basi.

JIPIME

Huwa nawaandikia hii ubaoni mwisho wa wiki, haina kofia wala mikato: "juma lililopita mama neema na jumanne walitoka kariakoo kwa bajaji ndogo nyekundu wakapita mnazi mmoja wakamkuta muuzaji mpole mcheshi na mwaminifu wakanunua viazi vitamu vikubwa"

Jaribu kwanza mwenyewe kabla hujashuka.

"Juma lililopita, Mama Neema na Jumanne walitoka Kariakoo kwa bajaji ndogo nyekundu, wakapita Mnazi Mmoja, wakamkuta muuzaji mpole, mcheshi na mwaminifu, wakanunua viazi vitamu vikubwa."

Wengi wanapata Kariakoo na wanakwama kwenye Mnazi Mmoja. Na kuna mjanja kila mara ananiambia Juma wa mwanzo ana herufi kubwa kwa sababu ni mtu. Sio mtu, ana herufi kubwa kwa sababu sentensi ndio imeanza, na kinachokuambia ni "lililopita", angekuwa mtu ungeona "aliyepita".